Mizani ya Karin na Mandazi Yangu

Leo nimenyamazishwa na bibi wa miaka themanini, na mnajua mimi sinyamazishwi.

Karin, jirani yangu mwenye asili ya Kiswidi hapa ughaibuni, Richfield, anaandika kitabu cha mapishi ya "fika". Hiyo ni desturi ya Waswidi: kazi inaachwa, watu wanakaa, kahawa na kitafunwa, hakuna kukimbia. Anataka mandazi yangu yaingie humo, kwa sababu yana iliki kama mikate yao mitamu.

Amekuja jikoni kwangu na mizani na kalamu.

"Unga kiasi gani?"

"Wa kutosha."

"Na iliki?"

"Mpaka pua iridhike."

Akaweka kalamu chini. Basi nikaanza, mnanijua. Nikamhubiria kwamba kupima ni kwa watu wasioiamini mikono yao, kwamba mama yangu alilisha ukoo mzima bila kipimo.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yangu naye alisema hivyohivyo," akasema. "Alipofariki, mikate yake ilikwenda naye. Nimeijaribu miaka arobaini, sijaipata."

"Hata mimi kupika mandazi sijui, Mama," binti yangu akadakia kwa Kiingereza, macho kwenye simu.

 

Nikachota unga kwa kiganja, kama siku zote. Karin akasogeza mizani chini ya mkono wangu, nami nikaumimina. Binti yangu akaja kusoma namba.

Nyinyi wenzangu wa "kadiria tu", jibuni hapa chini: ukiondoka kesho, nani nyumbani kwako atapika chakula cha mama yako?