Mlango wa Bafu Uliovimba

Laiti ningalikataa kuziba yale matundu ya hewa ya bafu. Lakini mzee wa kanisa alinishauri, nami, mwalimu mzima niliyefika sekondari, nikakubali kama mtoto aliyeonyeshwa sukari.

Tuliishi Lanet, katika nyumba kuukuu ya mawe niliyopewa na shule. Bafu lilikuwa ndani, na maji moto yalikuja kwa bomba kutoka pipa lililowashiwa kuni huko nyuma. Mke wangu alimsihi mama yake mwaka mzima atoke kwenye baridi ya Olenguruone, aje akande magoti yake kwa maji hayo. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani ana kwa ana, sembuse kuoga chini ya paa moja. Mwishowe akakubali, kwa sharti: asionekane, asisikike.

"Ziba kila tundu," akasema mzee wa kanisa. "Hata maji yakimwagika, usiyasikie."

Nikashindilia magunia, nikapigilia mbao dirishani. Hazikupita wiki mbili, kuta zikawa zinatokwa jasho kama mpishi wa harusi, na ukungu mweusi ukapanda hadi darini.

"Baba, hii nyumba imekosa pumzi," mke wangu akasema. "Toa hayo magunia."

Nikamwambia asinifundishe heshima. Nikapaka chokaa juu ya ukungu. Ukarudi. Nikapaka tena.

Mama akaja. Kwa siku kumi tulipishana vizuri. Nikiingia huku, yeye katokea kule. Magoti yakaanza kukunjuka. Nilikuwa nikimsikia akicheka na binti yake jikoni.

Siku ya kumi na moja mke wangu alikwenda sokoni. Nilikuwa nikisahihisha madaftari niliposikia mlango wa bafu ukitikiswa. Mbao zake zilikuwa zimevimba kwa unyevu, zikakwama.

"Huko nje kuna mtu?"

"Kuna mtu, mama."

"Mtu gani?"

"Ni... mtu wa hapa."

"Huyo asisogee. Aite mwingine."

"Hakuna mwingine, mama. Kuna kuku."

"Basi nitangoja."

Alingoja, mpaka bonge la chokaa likaporomoka kutoka darini, akapiga ukelele. Nikafumba macho, nikaupiga mlango kwa bega. Ulifunguka upesi kuliko nilivyodhani. Nikateleza, nikaingia kwenye hodhi la maji kichwa kikitangulia. Nilipofumbua macho, alikuwa amesimama kando, amejifunga blanketi, kichwa cheupe kama ametoka kusaga unga.

"Toka majini kwanza, mwalimu," akasema. "Halafu ndipo tuone haya."

Jioni hiyo alifunga mzigo wake. Hakunikasirikia. Hakujua tu angekaaje tena katika nyumba ile. Kesho yake nikatoa magunia na mbao, na ndani ya mwezi bafu likakauka kabisa. Mke wangu alimwita mara nyingi, hakurudi. Alifia Olenguruone, magoti yamekakamaa. Katika maisha yetu yote ya ndoa, mke wangu alikaa na mama yake nyumbani kwetu siku kumi na moja tu, na aliyemnyima zilizobaki ni mimi.