Amani Hakufa kwa Kukataa Kuketi

Jumapili ile nilikuwa nimekaa kibarazani, Troyeville, napindua kola ya koti la Mzee Fyodor. Lilikuwa limechakaa mpaka kitambaa hakishiki uzi. Mwenyewe alikuwa uani, anachora kwenye mlango wa kabati aliouokota barabarani, huku akiwasimulia watoto hadithi ya Baridi aliyebisha hodi kwa mjane mmoja akiomba aote moto. Mzee huyu Mrusi alikuja Johannesburg kufundisha uchoraji. Shule ikafungwa, kibali kikaisha, akabaki nasi Wakongo katika nyumba moja ya vyumba vya kupanga. Kiswahili alijifunzia jikoni kwetu na alikivunja vibaya. Lakini watoto wetu, wanaotujibu sisi wazazi kwa Kiingereza, yeye alipoita "Hadithi, hadithi!" waliitikia "Hadithi njoo!" kwa sauti moja.

Mdogo wangu Amani alikuwa akimnyoa mteja karibu na ukuta wa nyuma.

"Muzee," alimtania, "hiyo Baridi yako ifike kwetu Uvira, itayeyuka."

Tulicheka. Mteja akaondoka. Kisha tukaona moshi upande wa Malvern, halafu mwingine, karibu zaidi.

Redio baadaye ilisema ni vurugu. Nakataa. Mimi nilikimbia Uvira na mtoto mgongoni, na vita naijua kwa harufu: tairi, petroli, na majirani wanaofunga madirisha bila kukuaga. Watu hawa walikuwa na mapanga na bastola, wakipita nyumba hadi nyumba kuulizia wageni. Kama hiyo si vita, basi watupe jina lake.

Nilikusanya watoto. Amani akasema turuke ukuta wa nyuma, tutokee kichochoroni. Mzee Fyodor akatuzuia mlangoni.

"Keti," alisema. "Wote keti. Kisha kwenda."

Hiyo ni desturi ya kwao. Mtu haanzi safari kabla ya kuketi kwanza na kunyamaza kidogo, ili safari yenyewe itulie. Tulishazoea kumwona akiketi kwenye sanduku lake hata akienda hospitali.

"Yaya," Amani aliniambia mimi dada yake, "batu banakuya, na huyu muzee anasema tuikale?"

"Keti," mzee alirudia. Watoto walikuwa wameshaketi. Walimzoea.

Amani akaruka ukuta.

Niliketi kwa sababu mwanangu alinishika sketi.

Geti likagongwa.

Mzee aliinuka, akaenda kufungua. Nilisikia kila neno.

"Ndani kuna nani, mkhulu?" mmoja wao aliuliza, akimwita babu kwa Kizulu.

"Familia yangu."

Kisha mmoja akacheka.

"Sharp, mkhulu. Hatukutafuti wewe."

Wakapita.

Baadaye kidogo tulisikia kelele kichochoroni. Niliitambua sauti ya mdogo wangu. Halafu sikuisikia tena.

Amani alikuwa na karatasi yake ya ukimbizi mfukoni. Kila ilipokaribia kuisha alipanga foleni tangu alfajiri, akatukanwa, akarudi nayo imegongwa muhuri. Mzee Fyodor hakuwa na karatasi yoyote, miaka nenda miaka rudi. Waliomtazama pale getini walimwona ni mwenye nyumba. Waliomtazama Amani walimwona mgeni. Nilimpenda mzee yule, na alituokoa, lakini hasira hii sitaimeza kwa ajili ya adabu.

Polisi walipokuja walimhoji yeye. Akawaambia, "Uliza huyu mama. Ndugu yake." Wakanitazama, wakaendelea kumwandika yeye.

Kanisani waliniambia nishukuru. Na wapo majirani wanaosema hadi leo kwamba angeketi angepona. Wasiniambie. Amani hakuuawa na kusimama. Aliuawa na watu wenye majina, wanaonunua mkate kwenye duka la spaza lilelile ninalonunua mimi.

Mzee Fyodor aliacha kusimulia. Watoto walimwitia hadithi, akatikisa kichwa. Alichora tu, uso mmoja kwenye mlango baada ya mlango, Amani na mashine yake ya kunyolea, mpaka kifua kilipomshinda. Tulimzika sisi, Wakongo.

Ndipo wakajitokeza watu wa sanaa. Walibeba milango yote, wakafanya maonyesho Braamfontein, na mimi nikaenda nimejifunga kitambaa changu kizuri kichwani. Watu walisimama na glasi mikononi wakisifu rangi. Chini ya uso wa mdogo wangu palibandikwa kikaratasi: *Mtu asiyejulikana, Troyeville.*

Asiyejulikana na nani? Walimbeba kutoka kwenye nyumba ninayolala. Hakuna aliyebisha hodi chumbani kwangu kuuliza.

Nikachukua kalamu kwenye meza yao, nikayakata maneno yale kwa mstari. Nikaandika: *Amani Bisimwa, kinyozi, wa Uvira. Ameuawa.* Maandishi yalisomeka.

Mlinzi akaja mbio. Kwa namna alivyoongea nikajua ni wa kwetu.

"Mama, bule, hapana! Hairuhusiwi kugusa. Watanifukuza kazi."

"Soma kwanza," nikamwambia. "Ukimaliza, ufute wewe mwenyewe."

Akainama, akasoma. Akasoma tena. Kisha akavua kofia yake, akasimama kando ya picha, akawageukia wenye glasi, akaanza kuwasomea jina lile kwa sauti.