Bitana ya Bahasha

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani wa kupiga chapa mjini Kisii. Siku moja bosi wangu alitupa bahasha kwenye pipa la taka, nami nikaiokota kwa sababu ndani ilikuwa imevaa. Ndiyo, imevaa: karatasi nyembamba yenye maua ya bluu ilibandikwa kwa ndani kama bitana ya koti. Nani huyo aliyeona haja ya kuipamba bahasha mahali pasipoonekana? Sikupata raha. Nikaishikilia juu ya mvuke wa birika hadi gundi ikalegea, nikaitandaza yote mezani.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba yangu, kule kwetu Manga, hakuwahi kukiacha kitu bila kukifungua. Taa ya chemni, redio ya jirani, saa ya ukutani ya kanisa, vyote alivifumua aone vinafanyaje kazi. Vingi alivirudisha vikiwa salama.

Lakini mwaka huo mimi na baba tulikuwa na jambo. Yeye alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, nami nilichumbiwa na Mkatoliki. Mahari aliipokea bila maneno. Kwenye kuingia kanisa la Kikatoliki ndipo alipogoma. "Kijana ni mzuri," aliniambia, "lakini mguu wangu hauingii mle." Nikaomba harusi iwe Alhamisi, ili Jumamosi isiwe kisingizio. Wapi! Iliniuma sana, sitaficha. Niende madhabahuni bila baba, na baba mwenyewe yu hai, yuko nyumbani anapalilia migomba.

Basi nikaamua kumwalika kama mgeni mheshimiwa, kwa kadi, ndani ya bahasha yenye bitana. Nikanunua karatasi ya kufungia zawadi, nikapika gundi ya unga wa ngano. Karatasi za rangi ya fedha za ndani ya pakiti za sigara zilikuwa tele, tena za bure, lakini bahasha ya mzee wa Sabato inukie tumbako? Thubutu. Nikakata, nikapaka gundi, nikabandika, ikalala vizuri. Nilipokunja kifuniko tu, karatasi ikafanya makunyanzi pale penye mkunjo. Nikajaribu nyingine, yakawa yale yale. Ile ya bosi ilikuwa laini kabisa. Kwa nini? Niliharibu bahasha nyingi nikilitafuta jibu, nikashindwa. Nikampa mama ile yenye afadhali, ampelekee baba.

Wiki iliyofuata nilikutana na mama sokoni.

"Kadi aliisoma mara moja, akaiweka," akaniambia. "Bahasha ndiyo haachani nayo. Jana ameishikilia juu ya sufuria yangu ya chai."

"Amesema atakuja?"

"Hajasema. Ameniomba wembe."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka palepale mbele ya ndizi za watu.

Asubuhi ya harusi nilikuwa kwa shangazi, jirani na kanisa, nimeshavaa. Shangazi ndiye angenisindikiza. Mara baba akatokea mlangoni, amevaa koti lake la Sabato na viatu vimepigwa rangi. Hata salamu hakutoa, alininyooshea bahasha. Ndani hamkuwa na kadi wala neno lolote. Ila ilikuwa na bitana ya ganda kavu la mgomba, lile jembamba la ndani linalong'aa. Nikafunga kifuniko, nikafungua, nikafunga tena. Hakukuwa na kunyanzi hata moja. Shangazi ananiambia gari limefika, mimi bado nimeinamia mkunjo.

"Tata," nikamwuliza baba, "hapa umefanyaje?"

Akaichukua bahasha, akaitia mfukoni mwa koti, akanipa mkono niushike.

"Nitakuonyesha tukitoka kanisani," akasema.