Ufunguo wa Kabati la Dada

Ufunguo wa kabati la vyombo la dada yangu ulifungua boksi la pikipiki ambalo niliapa mbele ya watu kwamba halifunguki bila ufunguo wake.

Naandika haya uso unanichoma. Msinionee huruma.

Mimi ni fundi wa vitasa vya maboksi ya pikipiki, yale ya nyuma ya kubebea mizigo. Karakana nzima wananiita Diploma, kwa sababu ninayo, na kwa sababu simwachi mtu asahau.

Kitasa cha boksi ni kidude kidogo. Ndani kuna vibati vitano vya shaba, kila kimoja na springi yake nyembamba kama unywele. Ukiingia ufunguo wake halisi, vibati vinajipanga, kitasa kinazunguka. Kikiingiwa na vumbi na mvua, kibati kinaganda, na mteja anakuja na ufunguo uliopinda, mdomo umejaa matusi.

Dawa yake ni kukifungua chote, kukiosha kwa mafuta ya taa, kukikausha, kukinyunyizia unga wa penseli. Saa nzima hiyo.

Mzee Nati, mwenye karakana, alinifundisha njia ya mkato.

"Kibati kimeganda? Kitoe, tupa. Mteja anataka kitasa kizunguke, hataki hadithi."

Nikawa natoa. Vitasa vikawa vinazunguka laini, raha tupu. Wateja wakanisifu, na mimi kwa sifa sijivungi.

Nilichokijua nikakinyamazia ni hiki: kila kibati unachotoa, funguo za watu wengine zinazidi kukubali.

Kwenye boksi la shemeji yangu, mume wa dada, nilitoa vinne.

Shemeji alikuwa akisambaza simu mpya za duka moja kubwa. Mchana mmoja aliegesha pikipiki chini ya ghorofa, akapanda kumpelekea mteja simu yake. Kushuka, boksi limefungwa vizuri kabisa. Ndani, simu tatu hazipo.

Bosi wake, mama mmoja mkali wa miwani, akaagiza niitwe dukani. Wafanyakazi wote wamesimama. Shemeji yuko katikati, helmeti mkononi.

"Binti, mtu anaweza kufungua kitasa hiki bila ufunguo wake?"

Nikakikagua. Hakina hata mkwaruzo. Vile vibati vinne vikanijia kichwani, vimelala kwenye kopo la taka.

"Haiwezekani, mama. Kimepita mikononi mwangu hiki."

Yaani nilivyolitamka! Kidevu juu.

Shemeji akanitazama. Akaambiwa avue sare, aiache mezani.

Mtaani wakambatiza Simu Tatu. Akipita kijiweni kwa madereva wenzake, mmoja anapaza sauti: "Jamani, kazeni mifuko, mwenyewe huyo!" Wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Nami nilikuwa napita palepale. Nikawa naongeza mwendo.

Mwezi ukakatika. Jumapili moja nikaenda kwa dada. Boksi lipo kwenye kona ya chumba, siku hizi anawekea sabuni na nguo za mtoto.

"Mdogo wangu, nitolee sabuni humo."

"Ufunguo uko wapi?"

"Si huo hapo kwenye kabati la vyombo."

Nikacheka. "Dada, acha utani. Huu ni wa kabati."

"Ndio huohuo. Hebu jaribu."

Nikauingiza. Ukazunguka. Laini, raha tupu.

"Tangu lini?" nikauliza, ufunguo bado uko kwenye kitasa.

"Tangu ulipolitengeneza wewe. Shemeji yako alipoteza ufunguo wake wiki ileile, akajaribu huo, ukakubali. Tulicheka siku hiyo! Tukasema fundi wetu kiboko."

Shemeji alikuwa amekaa kizingitini, anafunga kamba za viatu. Nikamgeukia.

"Shemeji, siku ile dukani... ulijua?"

"Nilijua. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu."

"Sasa mbona hukuutoa?"

"Ningeutoa, ungeumbuka mbele ya watu wote wale. Nikakuachia nafasi useme mwenyewe." Akavuta kamba, akakaza. "Nilisubiri, shemeji. Mpaka nafika getini, nilikuwa nasubiri."

Nimetukanwa na madereva wa kila aina. Hakuna tusi lililowahi kunikaa kifuani kama upole ule.

Nikapiga magoti palepale sakafuni, nikamwomba msamaha. Hakuniambia yameisha. Aliniambia, "Inuka, nguo inachafuka."

Jumatatu nikabeba boksi mpaka dukani. Nikaliweka juu ya kaunta, nikalifunga, nikalifungua kwa ufunguo wa kabati la vyombo. Watu walewale wamesimama.

Bosi akavua miwani. "Kwa hiyo siku ile ulinidanganya."

"Ndiyo, mama. Nilikudanganya."

Shemeji alirudishiwa sare. Lile jina la Simu Tatu hakuna aliyelifuta. Analo mpaka leo, na aliyempa ni mimi.

Nikarudi karakana, nikaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: *Kama nilikutengenezea kitasa mwaka huu, kilete. Huenda kinafunguka kwa ufunguo wa jirani. Nakirudia bure.*

Kufika saa nne, foleni ya madereva imezunguka uzio, kila mmoja kakumbatia boksi lake.

Funzo? Ukitengeneza kitasa, usiishie kuuliza kama kinafunguka. Uliza kinamkataa nani. Changu kilikuwa hakimkatai mtu.

Mzee Nati alipousoma ule ubao akatoka mbio na kitambaa cha kufutia grisi.

"Diploma! Umenianika! Futa haya, halafu uniombe radhi hapahapa, mafundi wote wasikie!"

Mafundi wakageuka kututazama. Nikachukua boksi la kwanza kwenye foleni, nikalipindua, nikaanza kufungua skrubu.

"Mzee, msamaha nilikuwa nao mmoja. Nimeuacha sakafuni kwa dada. Wewe sikuombi."