Watiri Aonja Mojito

Watiri wa Endarasha, huko Kieni, alijulikana kwa pua yake. Si kwa ukubwa, ingawa ndogo haikuwa, bali kwa kazi. Mwanawe Mutahi aliporudi nyumbani jioni, alimkumbatia mlangoni kama mama yeyote anayempenda mtoto wake, akavuta pumzi, na kabla hajamwachilia alikuwa keshajua kama ni chang'aa, kama ni ile ya chupa ndogo ya plastiki, au kama ni peremende za kuficha zote mbili. Mbwa wa polisi wangemwonea wivu. Na usidhani alikuwa peke yake. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, akina mama wa Kieni huwakumbatia vijana wa kiume kwa upendo wa kushangaza, na Mungu mwenyewe ndiye anajua wananusa nini.

Mutahi alikuwa fundi wa stima, tena fundi hasa, mpaka pombe ilipomfanya akaanza kuwaunganishia watu taa za sebuleni na swichi ya choo. Akafukuzwa kazi, akalala mitaroni, akauza mlango wa nyumba yake mwenyewe huku yeye akiwa ndani. Mwishowe Watiri alimpeleka kwenye kituo cha kurekebisha walevi, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Walimkalisha huko hadi akanenepa mashavu na mikono ikaacha kutetemeka.

Mama yake alipokwenda kumwona kwa mara ya mwisho kabla hajatoka, walikaa kwenye benchi wakitazama kabichi za kituo.

"Mama, nitarudi nyumbani," Mutahi alisema. "Lakini kuna kitu moja."

"Sema."

"Usininuse."

Watiri alicheka. Mutahi hakucheka.

"Wengine wote wanuse. Anko Kingori anuse, katekista anuse, hata ng'ombe inuse ikitaka. Wewe, hapana. Siku utaninusa, nitajua hakuna mtu hapa duniani ananiamini, na nitaenda zangu."

"Sitakunusa."

"Apa."

"Naapa, Mutahi. Ati sasa unataka nikate pua?"

Hivyo ndivyo walivyoachana, na Watiri akateremka kilima akiwa na furaha na hofu kwa pamoja.

Shida ya kwanza ilikuwa sherehe. Endarasha mtu harudi nyumbani kimyakimya kama paka. Lazima mbuzi, viti vya kukodi na hotuba. Sasa utawapa wageni wanywe nini? Ukileta bia, umemkaribisha aliyeungua kwa kumwashia moto. Ukileta juisi ya unga, wanaume watafikiri wamekuja kwenye ubatizo na kuondoka kabla ya nyama. Watiri aliubeba wasiwasi huo mpaka soko la Nyeri, ambako huuza kabichi na minji kando ya meza ya Zuena, muuza viungo wa pale mjini.

"Mama Mutahi, sisi Waislamu harusi zetu hazina hata tone la pombe," Zuena alimwambia, "na watu wanacheza mpaka bibi zetu wanapoteza viatu. Mimi nitakufundisha mojito."

"Mo-nini?"

"Mojito. Huko kwao wanatia pombe. Mimi natia akili."

Somo lilifanyika palepale nyuma ya meza. Ndimu zikakatwa vipande, zikatiwa jagini pamoja na sukari, zikakandamizwa mpaka maji yakatoka. Kisha majani ya minti. Watiri akashika mwiko na kuyashambulia kama anayeponda viazi na mahindi ya mukimo wa mahari.

"Wacha! Wacha, dada!" Zuena akamshika mkono. "Imekukosea nini? Bonyeza tu, ikitoa harufu unaachana nayo. Ukiisaga inakuwa chungu."

Jagi la kwanza lilitoka na rangi ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. La pili lilinyweka. Barafu, kisha soda ya ndimu mwisho kabisa, isije ikapoteza gesi, na ukoroge kwa adabu. Watiri alikunywa gilasi nzima akiwa amefumba macho. Ilikuwa baridi, tamu, na ilichoma ulimi kidogo kama kitu cha dhambi. Akasema hii itawadanganya wanaume wote wa Kieni.

Siku ya sherehe ilifika na jua kali. Mutahi alishuka nyumbani asubuhi, mama yake akamsalimia kwa mkono, tena mkono ulionyooshwa kabisa, kama anayepokea cheti kwa gavana. Mutahi akaona, akatabasamu. Kisha akavua koti na kusema mojito atatengeneza mwenyewe. Na alitengeneza. Aliibonyeza minti kwa ule mkono wa fundi anayejua waya ukikazwa sana unakatika. Majagi yakajipanga mezani, ya kijani na meupe, yakitoa jasho.

Kwa desturi, mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, wajue hawauawi. Watiri akajimiminia kutoka jagini, akaonja, akasema, "Karibuni." Katekista Wamae akaombea kinywaji, kisha akanusa gilasi yake kwa muda mrefu kuliko sala. Akina mama wakanusa. Mzee mmoja alimnusia jirani yake. Kingori, shemeji yake Watiri, ambaye hajawahi kukosa sherehe wala kualikwa, alikunywa gilasi baada ya gilasi kwa imani kubwa, akitumaini pombe iko chini.

"Shemeji, hii kitu inashika saa ngapi?"

"Haishiki, Kingori. Ni ya kukata kiu."

"Kiu yangu haikatwi na majani! Mimi ni mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Watiri naye akacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akahisi mabega yake yanashuka.

Kisha barafu ikaisha. Mutahi akaenda nyuma ya nyumba kuchukua nyingine, gilasi yake mkononi, na Kingori akamfuata. Watiri akaona. Akamkatia mgeni nyama, akatazama ile kona ya nyumba. Akamimina supu, akatazama kona. Walikuwa wanakawia. Barafu gani hiyo, inachimbwa? Halafu akasikia Mutahi anacheka.

Kilikuwa kicheko kikubwa, cha tumboni. Na hapa ndipo ubaya ulipo: Watiri hakuwa amesikia mwanawe akicheka hivyo akiwa mzima tangu avae kaptula za shule. Miaka yote hiyo kicheko hicho kilikuja nyumbani kikiwa kimelewa. Hakukijua kwa sura nyingine.

Mutahi akatokea na ndoo ya barafu mkono mmoja, gilasi mkono wa pili, uso mwekundu, macho yana maji.

"Mama, hebu sikia vile anko amesema, ati—"

Watiri alikuwa amekwisha kumpokonya gilasi mkononi. Hakunusa. Alikuwa ameapa kutonusa, na yeye ni mwanamke wa kanisa. Alikunywa.

Ndimu. Sukari. Minti. Soda iliyoishiwa gesi.

Wageni wakageuza macho. Hata Kingori, ambaye mdomo wake haujui breki, alitazama viatu vyake. Katekista alikumbuka kwamba ana mfupa wa kushughulikia.

"Mwenye nyumba huonja," Watiri alisema.

"Ulishaonja, mama. Ulionja kutoka kwa jagi."

"Nilitaka kujua kama... kama sukari imetosha."

"Na imetosha?"

"Ni tamu."

"Eeh," Mutahi alisema. "Ni tamu."

Akaichukua gilasi yake polepole, kama mtu anayepokea kitu kilichookotwa. Aliwagawia wageni barafu, mmoja baada ya mwingine. Kwa kila aliyefika mbele yake aliinama karibu na kumpumulia usoni. "Nusa, mzee. Nusa, shangazi. Usione haya." Wengine walicheka wakidhani ni mchezo. Watiri alisimama kando ya sufuria na mwiko mkononi. Kingori aliendelea kurudia kwa sauti ndogo kwamba walikuwa wanamcheka tu yule jogoo aliyeteleza juu ya barafu na kuketi kama chifu, jamani, jogoo tu.

Asubuhi kitanda cha Mutahi kilikuwa kimetandikwa. Begi halikuwepo.

Siku hizi yuko mjini Kenol, anafunga stima kwenye maduka mapya kando ya barabara kuu. Au anasema anafunga. Watiri humpigia simu Jumapili akitoka kanisani. Kwa simu pua haina kazi, kwa hivyo amehamia kwenye masikio. Husikiliza kama ulimi unaburuta, kama maneno yanakanyagana. Huuliza maswali yanayotaka majibu marefu, kwa sababu mlevi hujikwaa kwenye maneno mengi. Mutahi anajua.

"Hebu nieleze hiyo kazi, waya zinapita wapi na wapi?"

"Kwa ukuta."

"Na mwenye duka ni mtu wa aina gani?"

"Mtu."

"Unakula nini huko?"

"Chakula."

Halafu malori ya Kenol hupita ndani ya simu. Watiri hubana kitambaa cha kichwa nyuma ya sikio, ajaribu kusikia pumzi.

"Mama?"

"Eeh."

"Umemaliza kusikiliza?"

Na Watiri, ambaye angeweza kusema neno lingine lolote, husema, "Bado kidogo."