Redio ya Mama Ndahani

Mwanangu, kila nikiona kasha la sidii huikumbuka siku ile Mama Ndahani alipoingia kwenye kibanda changu Dodoma mjini akanikuta nimekaa tu, mashine imezimwa. Kaa nikusimulie, maana na mimi nina haki ya kujisifu kidogo.

Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa kwa kila mtu, na kila mwenye kompyuta alijiita studio. Mimi binti wa Kondoa, na ushungi wangu kichwani, nilikuwa nachoma sidii na kuzifungasha. Mama Ndahani alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya akina mama wa kanisani huko Hombolo. Nyimbo walikuwa wamesharekodi, wakaniletea nitoe nakala na kuzitia kwenye makasha kwa ajili ya uzinduzi wa Jumapili. Ila yeye hangaiko lake halikuwa uzinduzi. Nyimbo zile alizitunga mama yake mzazi, bibi aliyekuwa hoi kitandani, hawezi tena kufika hata kanisani. Alitaka mama yake azisikie kabla hajafumba macho.

"Mbona umekaa?" akaniuliza. "Jumapili haiahirishwi hii."

"Shikamoo, mama. Naingoja redio yako."

Nilikuwa nimemwagiza alete redio ileile ya kuchezea sidii atakayosikilizia bibi. Akaitoa kwenye kanga huku amenuna. Ilikuwa kuukuu, vumbi limeingia mpaka ndani, na kwao ilikuwa ikitumia betri ya gari. Nikatia nakala ya kwanza, ambayo kwenye kompyuta yangu ilikuwa ikiimba vizuri kabisa. Ikaimba ubeti mmoja, ikaanza kugugumia, ikanyamaza.

Mama Ndahani akashika kichwa. "Mwanangu, umeniua."

"Bado, mama. Ningekuua kama ningekuwa nimeshazichoma zote."

Nikapunguza kasi ya mashine, nikachoma nyingine polepole. Ile ikaenda mpaka mwisho bila kukwama. Lakini kwa mwendo ule peke yangu nisingemaliza, nikamwomba alete wenzake. Jumamosi asubuhi wakaja. Nikanyunyiza maji sakafuni kutuliza vumbi, maana upepo wa Dodoma unaujua, nikawapanga: hawa wanakunja makava, wale wanatia sidii kwenye makasha, na Mama Ndahani anakagua kila kasha kabla halijaingia kwenye boksi. Walifanya kazi huku wakiimba, na mimi Mwislamu nikajikuta naitikia. Jua halijazama, maboksi yakapakiwa kwenye gari la Hombolo. Nilisimama mlangoni nikiyatazama yakiondoka, kiburi kimenijaa, na wala sijutii.

Jumatatu Mama Ndahani akarudi, safari hii bila kununa. Bibi alikuwa amesikiliza sidii nzima, akacheka, akasema wimbo wa tatu wameukimbiza mno. Kisha akauliza, "Huyo aliyeitengeneza ni mtoto wa nani?"

"Nikamwambia ni binti wa Kondoa, hapa hana ndugu," Mama Ndahani akanieleza. "Akasema nije nikwambie unao. Wako Hombolo."

Nililia palepale mbele ya wateja, na sikuona haya.

Basi usia wangu ndio huo, mwanangu. Ukipewa kazi ya kutoa vitu vingi, usiukimbilie wingi. Tengeneza kimoja kwanza, ukijaribu kwenye chombo cha yule atakayekitumia, kibovu hivyo hivyo kilivyo, kwa sababu mashine inayozidisha kazi nzuri huzidisha na kosa. Mteja akinuna, mwache anune kwanza. Na kazi ikikuelemea, ita watu, mpe kila mmoja sehemu yake, usijifanye jabali.

Haya, nenda kazini. Mungu aitulize mikono yako, na kila itakakofika kazi ya mikono hiyo, akujalie ndugu huko.