Mwewe kwenye Bogenvilia

Kuku wa mama alikuwa na mlio mmoja mkali, wa kukatika koo, aliouweka kwa ajili ya mwewe tu. Tukiusikia nyumbani kwetu Maisaka, kila mtu aliacha alichokuwa akifanya na kutazama juu. Mimi nilitazama kwa furaha. Nilimpenda yule mwewe, namna alivyoelea bila kupiga mbawa, akigeuza mkia kidogo tu. Mdogo wangu Neema alipenda bogenvilia iliyokuwa pembeni mwa uwanja, iliyofunikwa na maua ya zambarau. Masika yale tulibishana karibu kila siku.

"Ua lako halijui hata kuruka," nilimwambia.

"Na mwewe wako ni mwizi. Ua langu limemwibia nani?"

Alasiri moja, mvua ikiwa imetoka kukatika, mlio ule ukasikika. Kuku alikimbilia chini ya bogenvilia, vifaranga nyuma yake. Mwewe alishuka kama jiwe, akamfuata wa mwisho, akajitumbukiza kwenye miiba. Kifaranga alipona, lakini mwewe alinaswa bawa. Mama alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. Jirani yetu, Baba Juma, naye akaja mbio na rungu.

"Mama Paulina, nipishe nimmalize. Ameshatumaliza huyu."

Nikaanza kulia. Mama akanigeukia. "Unalia nini? Si ndiye anayekula vifaranga wetu?"

"Ndiye, mama. Lakini ni mzuri."

Mama alinitazama, akacheka, akamwomba Baba Juma asubiri. Alimfunika mwewe kwa kanga, kisha akaagiza panga akate matawi. Hapo Neema naye akaangua kilio: "Usilikate ua langu!" Basi mama akaweka panga chini, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kutoa mwiba mmoja mmoja kwa vidole. Alipomaliza, mikono yake yote ilikuwa na michubuko. Alifunua kanga. Mwewe alikaa chini kidogo akitukodolea macho ya manjano, kisha akaruka juu ya mapaa.

"Kesho atarudi," Baba Juma akanung'unika.

"Arudi tu. Vifaranga wameshajua pa kujificha."

Jioni, tukimwosha mikono kwa maji ya chumvi, tulimuuliza nani kashinda, ua au mwewe. Akatuonyesha mikono yake. "Huku kucha, huku mwiba. Mimi sioni tofauti." Tulicheka mpaka tukamwaga maji.

Siku hizi naishi Bonga, na kuku wangu hula pumba bandani, chini ya bati, wala hawajui kutazama juu. Wananenepa upesi, na sijawahi kupoteza hata mmoja. Sina cha kulalamika. Lakini wanangu wakigombana, mmoja akitaka hiki na mwingine akilia kwa kile, mara nyingi najikuta nimeshaamua kabla sijawasikiliza. Mama yangu alikuwa na kazi nyingi kuliko mimi, na bado siku ile alipiga magoti.